Bwawa la Buluu kwenye Ramani

Amalemba, Kakamega
Jumapili, 30 Machi 2025

Kwa wifi yangu Jepkosgei, Mama Ashley,

Pokea salamu zangu, hata kama utazipokea kwa shingo upande. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingezipokea pia. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na Mitchel. Sijui kama ameota jino la pili au bado anakutafuna kwa lile moja. Mama yako Cherotich, goti lake linaendeleaje? Na kaka yako Kipkemboi amemaliza kulima, au yule mwenye trekta bado anamzungusha na maneno ya kesho, kesho? Huku mvua imeanza, na nasikia huko Lugari wengine wameshatia mahindi ardhini. Mungu awape mavuno mema.

Sisi tuliobaki tu wazima wa mwili. Mama yetu Beldina hajambo, isipokuwa kile kikohozi chake anachokataa kukipeleka hospitali. Mumeo Titus yupo. Juu yake nitasema baadaye, maana nikianza naye nitachafua karatasi kabla sijafika ninapokwenda. Ashley ni mzima, ameng'oka meno mawili ya mbele na anasoma vizuri. Amepungua kidogo, sitakuficha. Anakula, lakini anakula kama mtu anayelipa faini.

Mama Ashley, nina jambo la kukwambia na nitalisema lote, ila nivumilie nianze mbali, maana nikilitaja kwa mkato utaona kama natafuta huruma. Sitafuti huruma. Huruma ya nini?

Kazi yangu unaijua, lakini sijawahi kukueleza vizuri. Nilikuwa nakueleza kwa majivuno, na majivuno hayaelezi kitu. Huko juu, karibu kilomita mia nane, kuna setilaiti inayopita juu ya Matungu kila baada ya siku tano, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, kabla mawingu ya kwetu hayajajikusanya. Inapiga picha ziwa, mito na mabwawa. Ofisini wanaitazama rangi ya maji. Kahawia ni tope. Kijani mara nyingi ni mwani, ule utando unaoota maji yakishiba mbolea ya mashamba ya miwa, na mwani mwingine una sumu. Ila setilaiti haiwezi kuonja maji. Kijani kinaweza kuwa mwani, kinaweza pia kuwa magugu tu yanayoelea, yasiyo na ubaya wowote. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu huku chini, siku ileile na saa ileile, anayechota maji katika chupa tatu, anayeshusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane tena, halafu anapima kamba. Chupa zinakwenda maabara. Majibu ya chupa ndiyo yanayoifundisha kompyuta, kama mtoto wa nasari anavyofundishwa: picha hii ni maji mazuri, picha hii ni sumu.

Mtu wa huku chini ndiye mimi. Nilipewa mabwawa manne, na bwawa la Ebulonga nililiomba mwenyewe kwa sababu ni la kwetu, kutoka mlango wa jiko lako mpaka ukingoni hata jiwe la mtoto linafika. Kompyuta ikiona sumu, bwawa hugeuka jekundu kwenye ramani, na ujumbe huenda wenyewe kwenye simu za watu: msinyweshe mifugo, msichote. Bwawa likiwa buluu, simu hukaa kimya. Namba za watu wa kijiji chetu cha Mayoni nilizichukua mimi mwenyewe pale sokoni, nimevaa fulana ya mradi, najiona nimefika. Jirani yenu Patroba alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alisema ng'ombe wake sasa wana askari mbinguni.

Sasa tuje kwenye Februari. Tarehe tatu ulinipigia simu nikiwa napika. Ukaniambia maji ya bwawa yamekuwa mazito kama rangi ya kupaka ukuta, yananuka, na bata wawili wa jirani wamekutwa wamekufa ukingoni. Ukanitumia picha. Mimi nikaitazama picha ile huku nimeshika mwiko, nikakujibu nini? Nikakwambia ramani inaonyesha buluu. Nikakwambia kuna chombo kilichotengenezwa na wasomi wa dunia nzima, na wewe unataka kukishinda kwa macho yako ya jikoni. Ukasema sawa, Edah, wewe ndiye unayejua. Hukunikasirikia hata. Mpaka leo nikikumbuka ile sawa yako natamani ardhi inimeze.

Lakini wewe hukuwa mjinga wa kungoja wasomi wa dunia. Uliwafunga ng'ombe wenu nyumbani, ukaanza kuwachotea maji kwenye chemchemi, ndoo kwa ndoo, na Mitchel mgongoni. Ukawaambia na majirani wasinyweshe bwawani. Ulipita nyumba kwa nyumba, na kila mtu akatoa simu yake, akaitazama, akakwambia mbona hatujatumiwa ujumbe. Patroba alikucheka. Alisema mwanamke wa Lugari amekuja kutufundisha maji ya babu zetu.

Tarehe kumi na mbili ng'ombe wa kwanza wa Patroba alianguka. Yule mweupe, wa maziwa, aliyekuwa anamsomeshea watoto. Alitetemeka kama mwenye malaria, akatoa povu, na kabla jua halijawa kali alikuwa amekufa. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wamekufa ng'ombe saba wa nyumba nne. Wenu watatu walikuwa wamesimama zizini wanacheua.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Na maneno ya kwetu unayajua, hayatembei, yanakimbia. Kwa nini wao tu ndio waliopona? Alijuaje kabla? Nani humwambia jirani ng'ombe wako atakufa, halafu ng'ombe akafa kweli? Huku kwetu mtu akikuonya juu ya balaa na balaa likaja, onyo lenyewe huwa ndilo kosa. Kisha wakakumbuka kibuyu chako cha maziwa. Wanawake wawili wakasema walikuona ukiosha vibuyu ukingoni na maji meusi yakitoka ndani. Wakaingia jikoni kwako wakakuta mkebe wa unga mweusi, ule mkaa wa mti unaopaka ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kwenu, mkaa aliokupa mama yako Cherotich. Wakautoa nje wakaushika kwa majani, kama watu wanaoshika nyoka. Nyumba ambayo kila aliyekuja Krismasi alikunywa maziwa yale na kuomba kikombe cha pili!

Liguru, mzee wetu wa kijiji, akaitisha mkutano Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, nje ya kanisa. Nitamsifu kwa jambo moja tu: alikataza watu wasikuguse kabla hawajasikia. Akasema yuko binti wa Makhanu anayesoma maji kutoka angani, aje atuambie. Kama maji yalikuwa mabaya, basi ni maji, kila mtu aende kwake akalie ng'ombe wake. Kama maji yalikuwa mazuri, basi kuna mkono wa mtu.

Unaona walivyolipima, Mama Ashley? Waliweka maisha yako yote juu ya rangi moja kwenye kioo. Nami nikaja na tableti ya ofisi, nimechana nywele, nikaiinua watu waione. Buluu. Nikapitisha kidole, nikaonyesha Januari, buluu. Mwanzo wa Februari, buluu. Watu wa nyuma wakasogea mbele waone. Nikawaeleza kwamba kompyuta ilikiona kijani, lakini chupa zikasema hakuna mwani, kwa hiyo kile kijani kilikuwa magugu tu. Nilieleza vizuri sana. Sijawahi kueleza vizuri hivyo.

Ndipo uliposimama. Hukulia, hukuapa, hukumtaja Mungu. Uliniuliza swali moja tu. Ulisema wewe unaishi ukingoni mwa bwawa, na tangu wiki ya kwanza ya Januari hujaniona nikija na chupa zangu. Ukataka niwaambie watu kama maji yale niliyachota katika bwawa hili kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wakanigeukia. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Nikasema ndiyo. Nikasema nilikuwa nakuja asubuhi naondoka, sina nafasi ya kupitia nyumbani kila mara. Ukanitazama, ukakaa chini. Hukuuliza tena.

Yaliyofuata uliyaishi mwenyewe. Nitasema tu niliyoyaona mimi. Nilimwona Patroba akilia waziwazi, mwanamume mzima, akisema hataki kukuua, anataka tu uende. Nilimwona Titus akitazama viatu vyake. Nilikuona ukitoka na begi moja, Mitchel mgongoni, na wazee wakimshika Ashley mkono, wakisema mtoto anayenyonya aende na mama yake, lakini mkubwa ni wa boma la Makhanu, habebwi. Ashley hakupiga kelele. Alikuwa anauliza utarudi saa ngapi, na hakuna mtu aliyemjibu, mimi nikiwa miongoni mwao.

Tangu siku hiyo nimekuwa naenda Mayoni kila Jumapili. Kila Jumapili! Mama alidhani nimepata wokovu. Namfulia Ashley sare, namsuka nywele, nampelekea mkate. Nilijiambia hiyo ni kazi ya senje, dada wa baba yake, asipofanya yeye nani atafanya. Jumapili ya tarehe kumi na sita mwezi huu nilikuwa nimemweka katikati ya magoti yangu namsuka, akaniambia kwamba shuleni kuna kikombe cha plastiki kinachofungwa kwa kamba kwenye tangi la maji, na watoto hawamruhusu kukigusa. Wanamwita mtoto wa sumu. Anakunywa kwa viganja, wengine wakishamaliza. Alinisimulia bila kulalamika, kama anayenieleza kanuni za shule. Halafu akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona kutoka angani, nimwambie kama mama yake alitia kitu kwenye maji.

Mikono yangu ilisimama kichwani mwake. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya uongo.

Haya, nisizunguke tena. Maji yale sikuyachota Ebulonga. Kuanzia tarehe tisa Januari mpaka tarehe nane Februari setilaiti ilipita mara saba, na mara zote saba sikukanyaga huko. Nilishuka hapa mjini chini ya daraja, kwenye mto Isiukhu, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, nikajaza chupa tatu, nikabandika karatasi yenye jina la bwawa letu. Sahani sikuishusha, namba za kamba nilizitunga nikiwa nakunywa chai. Tableti ina kitu cha kuonyesha mahali ulipo, nilikizima, nikaandika kwamba mtandao wa Mayoni ni mbaya. Maji ya Isiukhu ni tope tu, mwani hakuna. Maabara ikasema ukweli juu ya maji ya uongo. Kompyuta ikiona bwawa letu la kijani kibichi, inaulizia chupa. Chupa zinasema hakuna kitu hapa. Ikajifunza kwamba kijani cha Ebulonga ni magugu. Mimi ndiye niliyeifundisha. Wewe uliona kwa macho, setilaiti nayo iliona, ni mimi tu niliyeziba.

Na sababu? Ningependa nikwambie nilikuwa mgonjwa, au nilikuwa na msiba. Unamkumbuka Osiako, yule mgane mwenye kinu cha kusaga mahindi? Tangu Desemba, kila nilipokuja kuchota maji, Mama alikuwa amemwalika ili anichumbie. Nakuja na ndoo na kamba, nakuta kuku wa ingokho amechinjwa, ugali wa obusuma uko mezani, na Osiako amekaa sebuleni amevaa tai, ananiuliza habari za anga. Ningepita bwawani nisiingie nyumbani Mama angesikia kabla sijafunga chupa, na binti anayepita boma la mama yake bila kula ni kama amelilaani. Kwa hiyo nikaona afadhali nisije kabisa. Ni hivyo tu. Ng'ombe saba, jina lako, na mtoto anayekunywa kwa viganja, kwa sababu Edah hakutaka kukaa meza moja na mtu wa tai. Nimeitafuta sababu iliyo kubwa kidogo, sijaiona.

Pale mkutanoni ulipouliza, nilikuwa na nafasi. Ulinipa wewe mwenyewe, mbele ya watu. Nikasema uongo kwa macho makavu, si kwa sababu nilitaka uende, bali kwa sababu nilikuwa nimevaa beji ya ofisi na Mama alikuwa ananitazama kwa fahari. Nilijiambia watapoa, wataongea, yataisha. Mimi sikukuchukia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mtu aliyekuchukia angekuwa walau na kitu cha kujitetea nacho.

Jumatatu baada ya swali lile la Ashley nilikwenda kwa Bwana Lazarus, mkubwa wetu ofisini, nikamwambia yote. Alinisikiliza akiwa amevua miwani. Hakunipigia kelele, alivaa miwani, akafungua kompyuta, akaziondoa chupa zangu moja moja, akairudisha ifikiri upya bila uongo wangu. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Bwawa likageuka jekundu mbele ya macho yangu, likaanza kwa doa upande wa miwa, Januari mwishoni, na ilipofika tarehe tatu Februari lilikuwa jekundu lote. Tarehe tatu, wifi yangu. Siku uliyonipigia. Bwana Lazarus akaomba tableti na beji, nikampa. Akasema atalazimika kurudia mabwawa yangu yote manne, kwa kuwa sasa hajui nini aamini. Nikamwambia yale mengine matatu nilikwenda. Akasema labda.

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili mwezi huu, mwezi mmoja kamili, nilimwomba liguru awakusanye watu walewale palepale. Nikasimama. Nilikuwa na ramani mpya kwenye karatasi, maana tableti sina. Nikawaambia kama nilivyokuandikia hapa, mpaka habari za Osiako na tai yake, na Osiako mwenyewe alikuwepo. Nilidhani nikimaliza watalia, au watanipiga, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Mama Ashley, hawakuamini! Ramani ya buluu iliyokuhukumu waliiamini kwa dakika tano. Hii nyekundu wakasema ni kinyonga. Mmoja akasema watu wako wamenihonga. Mwingine akasema mimi ni mtoto mzuri, namsikitikia wifi yangu, ndiyo maana najitwika. Nikawaonyesha ile picha uliyonitumia, tarehe yake ikiwa juu. Wakasema simu zinaweza kufanya chochote siku hizi. Kweli njia ya mwongo ni fupi, lakini akitaka kurudi nyuma huikuta imeota miiba.

Mtu mmoja tu aliniamini, naye ni Patroba. Aliniuliza, kama ningekuja na chupa zangu kama inavyotakiwa, ujumbe ungefika kwenye simu yake siku gani. Nikamwambia tarehe tatu. Akahesabu kwa vidole mpaka tarehe kumi na mbili. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi, akatoa simu yake mfukoni, akaitazama tu. Baadaye alikuja mpaka kwetu, akasimama nje, akasema hawezi kuja Lugari kwa sababu hajui atasema nini kwa mama yako, lakini nikikuandikia nikuandikie kwamba yeye Patroba alikosea, na kwamba uliwahi kumwambia kweli akakucheka. Nimeandika kama alivyosema.

Sasa Titus. Nilidhani nikimpa ukweli atachukua gari siku hiyo hiyo. Akaniambia jambo lililonifanya nikae. Alisema yeye hakuhitaji ramani. Amekunywa maziwa ya kibuyu kile miaka minane, alijua tangu siku ya kwanza kwamba mkaa si sumu. Alikuona ukibeba ndoo. Alinyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi, na alisema wewe una kwenu pa kwenda lakini yeye boma lake ni lile tu. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, na siku ile nilimtazama kama mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba mimi si mtu wa kumtazama yeyote hivyo. Mama alikuwa anasikiliza mlangoni. Alisema neno moja tu, kwamba amezaa watu wawili na hajui amewalisha nini.

Hata hivyo jambo moja nimelipata kwake, na sikuondoka mpaka aliponiapia. Shule zinafungwa Ijumaa hii, tarehe nne. Titus atamleta Ashley kwako, na hatamrudisha isipokuwa wewe utake. Nilimwambia kama wazee wana neno waje wanitafute Amalemba, sina kazi, nitakuwepo nyumbani siku nzima. Andaa tu mahali pa kulala mtoto. Atakuja na sare zake zote na ile blanketi ya kijani. Mwambie Kipkemboi asimpige Titus mbele ya mtoto. Baada ya hapo ni shauri lao.

Mimi nilitaka kuja naye, nikuangukie miguuni kama inavyopasa. Sitakuja, na sababu yake ni hii. Jumapili iliyopita nilimweka Ashley chini nikamwambia na yeye, kwa maneno ya mtoto, kwamba senje alidanganya na mama hakufanya kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni kweli kweli, nikasema kweli kweli. Nikavuta kitana ili niendelee kumsuka, maana upande mmoja ulikuwa bado. Akatoa kichwa chake mikononi mwangu, akasema basi, mama atamaliza. Ameshinda wiki nzima shuleni na kichwa nusu kimesukwa nusu kimefumuka, na hakubali mtu yeyote amguse. Na akasema Ijumaa anataka aende na baba peke yake.

Mwisho huu wa barua nauandikia Mayoni: leo nilipomwambia Ashley kwamba nakuandikia, nilimuuliza niweke salamu gani kutoka kwake. Akasema niandike maneno yake mwenyewe, nisiongeze. Akanisimamia juu ya bega nikiandika, akanilazimisha niyasome kwa sauti mara mbili ili ahakikishe, kwa kuwa herufi zingine za kuunganisha bado hajazijua. Alisema niandike hivi: Mama, hukuwa wewe. Alikuwa senje.

Msalimie Mama Cherotich na Kipkemboi. Mbusu Mitchel. Kujibu si lazima.

Ni mimi,
Edah Makhanu